Siku nne Saskatchewan: anzieni Wanuskewin

Kila niliyemwambia hapa Winnipeg, Manitoba, kwamba likizo ya Julai tunakwenda Saskatchewan, jimbo jirani hapa Kanada, aliniuliza, mtaona nini kule, si ngano tupu? Tumekwenda, mimi, mume wangu na watoto wawili. Nawaandikia wenzangu mnaosita.

Mpaka Regina ni kama kilomita 570. Msiendeshe kwa pupa. Julai kanola inachanua manjano mpaka macho yanapoishia, na katikati unakuta shamba la kitani, maua yake ya buluu, ukilitazama kwa mbali utadhani ni ziwa. Adesi pia ziko. Sisi wa Lamu tunaopika adesi tangu utotoni hatujiulizi zinatoka wapi. Kumbe Kanada inaongoza duniani kwa kuziuza nje, na karibu zote hulimwa jimbo hili. Jambo la kukumbuka: Saskatchewan haibadilishi saa wakati wa kiangazi, kwa hiyo ukitoka Manitoba unafika ukiwa na saa nzima ya ziada.

Regina tulilala usiku mmoja, tukazunguka ziwa la Wascana na jengo la bunge, yatosha. Safari yenyewe ilikuwa Wanuskewin, nje kidogo ya Saskatoon. Jina ni la Kicree, lugha ya Wacree, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, maana yake kutafuta utulivu wa moyo. Ni bonde la kijito kinachoingia Mto South Saskatchewan, na watu wamekuwa wakipiga kambi hapo kwa zaidi ya miaka 6,000. Mtembezaji wetu, kijana wa Kicree, alitusimamisha kwenye ukingo wa genge akatuonyesha jinsi wawindaji walivyolikimbiza kundi la nyati mpaka likaporomoka chini. Mwanangu mdogo alinishika mkono kwa nguvu.

Nyati hawa wa Amerika walikuwa wengi mno katika nyika hizi, wakauawa mpaka kufikia miaka ya 1880 walikuwa karibu kwisha. Chakula kikaondoka, na wenyeji waliokuwa wametia saini na serikali mkataba wa ardhi, ule Mkataba wa Sita, mwaka 1876 wakabaki na njaa. Reli ikafika, na serikali ikawa inawagawia wahamiaji ekari 160 kwa ada ya dola 10. Ngano mnayoiona leo imesimama juu ya habari hiyo, ndiyo maana nasema muanzie hapa kabla ya kwenda kwingine.

Desemba 2019 nyati walirudishwa Wanuskewin. Tulimwona mmoja kwa karibu, nyuma ya uzio: alijitupa chini kwenye kiwanja cha vumbi akagaragara, miguu juu, kama punda wetu wanavyofanya wakishushwa mizigo, kisha akasimama akajikung'uta, vumbi likatufikia usoni. Mtembezaji akasema ni kwenye kiwanja cha namna hiyo, mwaka 2020, ambapo kwato na migongo yao ilifukua jiwe lenye mistari. Mwanzoni ilidhaniwa limekwaruzwa na mashine. Kumbe ni mbavu za nyati zilizochongwa kwa mkono, na karibu yake kikapatikana kijiwe cha kuchongea. Nyati wamerudi na jambo la kwanza wamefukua picha yao wenyewe! Nilisisimka mwili mzima.

Siku ya tatu tulikwenda Batoche, ambako Mei 1885 Wametisi, watu wa damu mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, walioasi wakiongozwa na Louis Riel na Gabriel Dumont, walishindwa na jeshi la serikali. Matundu ya risasi bado yako kwenye nyumba ya mapadri. Riel alinyongwa Regina Novemba mwaka huo.

Njiani mtaona vilima vya chumvi kando ya migodi ya potasi. Potasi ni mabaki ya bahari iliyokauka zamani za kale, sasa iko kama kilomita moja chini ya mashamba, na ndiyo ile K ya mbolea ya NPK. Hakuna nchi inayozalisha potasi kuliko Kanada, na karibu yote ni ya hapa. Na kadi ya matibabu niliyonayo pochini nayo ina asili yake huku: Julai 1962 Saskatchewan ilianza kuwalipia wananchi wote gharama za daktari, mpango ulioasisiwa na Tommy Douglas, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya jimbo, na madaktari wakagoma siku 23.

Kasoro ni mbili. Nyumba tuliyokodi Saskatoon tuliahidiwa kiyoyozi, kikawa kibovu mpaka tunaondoka, na mwenyewe hapokei simu. Nimepunguza nyota moja kwa hilo. Halafu mbu! Kule bondeni wanauma hata juu ya nguo.

Nyota nne kati ya tano. Wanuskewin nendeni asubuhi mapema, maana njia za bondeni hazina kivuli. Chukueni kofia, maji na dawa ya mbu, na mkirudi juu muagize mchuzi wa nyati na mkate wa bannock ungali moto.