Kamusi ya simu na mtihani wa neno "basi"

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia programu ya kamusi ya Kiswahili kwenye simu, na nimeipima kwa neno ambalo kila msafiri hulitamka: basi. Nililichagua kwa makusudi, kwa kuwa herufi hizo nne zinabeba maneno mawili yasiyo na undugu wowote.

Kuhusu chombo cha usafiri, watungaji wanastahili pongezi. Wanaeleza kwamba neno lilitufikia kupitia Kiingereza, ambacho kilifupisha neno la Kilatini omnibus, yaani "kwa wote", jina lililopewa magari ya farasi yaliyobeba abiria wa kila tabaka mjini Nantes, Ufaransa, mwaka 1826, kisha Paris mwaka 1828 na London mwaka 1829. Kipande kilichobaki ni mkia tu wa kiambishi cha Kilatini chenye kazi ya kuonyesha "kwa" katika wingi. Ni kana kwamba sisi tungelikata neno "njiani", tukabaki na "ni", kisha tukaipanda kwenda kazini. Maelezo hayaishii barabarani, kwani yanafuata neno hadi kwenye upau wa metali unaogawa umeme kwa saketi nyingi, na kutoka hapo hadi ndani ya kompyuta, ambako ni njia ya kupitishia data.

Kasoro imo katika "basi" ya pili, iliyotokana na neno la Kiajemi lenye maana ya "inatosha". Programu imeiweka kama maana ya tatu chini ya kidahizo kilekile, yaani neno lilelile linaloorodheshwa na kufafanuliwa katika kamusi, na kosa hilo lina madhara. Rafiki yangu anayejifunza Kiswahili alisoma hadithi ambamo mama anawakemea watoto wanaogombana, "Basi!", akafungua programu, akaishia kwenye maana ya kwanza, kisha akaniuliza watoto hao walikuwa wakisafiri kwenda wapi.

Hata ukifika kwenye maana hiyo ya tatu, hutakuta "njoo basi", ambapo neno hulainisha ombi, wala "basi siku moja", ambapo msimulizi huendeleza kisa chake. Mfano mmoja ungetosha: "Basi, basi likija tupande basi." La kwanza linaunganisha mazungumzo, la pili ni gari, la tatu linasihi, na ni la pili peke yake lenye ngeli na wingi: basi limechelewa, mabasi yamechelewa. Tofauti hiyo ya kisarufi ilitosha kuwaonyesha watungaji kwamba hapa panahitajika vidahizo viwili.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya etimolojia, yaani maelezo ya asili ya neno. Nimewaandikia watungaji kuwaomba wakitenganishe kidahizo hicho, na kwa sasa ninamwelekeza kila mwanafunzi ashuke moja kwa moja hadi maana ya tatu pale anapoona "basi" imefuatwa na mkato au alama ya mshangao.