Paka ana kisukari: ununue mashine gani ya kumpimia nyumbani hapa Mombasa

Jamani kama paka wako anakunywa maji mpaka bakuli lakauka, anakojoa kila saa na bado anakonda, na daktari ashasema ni kisukari, basi dozi ya insulini mwachie daktari, usikisie. Mi nataka tuongee mashine ya kupimia, manake hapa ndo watu twatupa pesa. Chausiku wangu nampima mwaka wa pili sasa, tuko Kisauni.

Kwani lazima nyumbani? Eeh, kwa sababu paka ukimtia kikapuni, apande tuktuk, afike kliniki asikie mbwa wabweka, sukari yapanda kwa woga tu, na ile namba yaweza kufanya aongezwe insulini asiyohitaji. Nyumbani amelala zake mkekani, unalipasha sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu, wamtoboa kidogo pembeni, wampa kipande cha kuku wa kuchemsha, basi. Chausiku siku hizi akisikia kikopo cha stripu, vile vijikaratasi vya kutilia tone la damu kwenye mashine, anakuja mwenyewe.

Ya kwanza kwangu ni mashine ya kawaida ya binadamu, ile ambayo stripu zake ziko famasi ya mtaani kwako. Gharama sio mashine, ni stripu. Ukipima mara 2 kwa siku kabla ya sindano, ni stripu 60 kwa mwezi na kikopo kina 50, hapo hujahesabu zile zinazoharibika damu ikiwa haikutosha. Kwa hivyo kabla hujalipa zunguka, uliza Digo Road, uliza Mwembe Tayari, uliza kwa jirani, stripu za mashine hiyo ziko na ni pesa ngapi. Halafu soma boksi yataka damu kiasi gani: maikrolita 0.3 mpaka 0.6 sawa, ikitaka 1 iache, sikio la paka litakutesa. Kasoro yake mara nyingi yasoma chini kuliko sukari halisi ya paka, manake sukari ya paka karibu yote iko kwenye maji ya damu, chembe nyekundu zake hazibebi nyingi kama zetu. Kwa hivyo mwambie daktari watumia mashine gani na usibadilishe badilishe.

Ya pili AlphaTRAK, iliyotengenezewa mbwa na paka. Kwa usahihi hii ndo mbele ya zote, na yataka damu ya 0.3 tu. Lakini stripu zake ni za kuagiza, na mi siwezi kukaa bila stripu halafu saa 5 usiku Chausiku aanze kupepesuka. Kama daktari wako anaziweka dukani kwake, ipandishe iwe ya kwanza.

Ya tatu ni sensa ya FreeStyle Libre, kidude cha kupima sukari chenyewe, paka ananyolewa kidogo na kubandikwa ngozini. Imeundwa kukaa siku 14 ila kwa paka mara nyingi yabanduka kabla. Nzuri wiki za mwanzo, waona usiku mzima unavyokwenda bila kumtoboa, lakini yasoma maji ya chini ya ngozi kwa hivyo yachelewa nyuma ya damu, ikisema sukari imeshuka hakikisha kwa tone la damu.

Ya mwisho, stripu za mkojo. Ni rahisi, lakini sukari ya paka haitokei kwenye mkojo mpaka ivuke kama 14 hadi 16 mmol/L kwenye damu, hivyo akishuka mpaka karibu kuzimia haitakwambia kitu. Nunua kwa ajili ya ketoni tu, zile taka zinazotoka mwili ukichoma mafuta badala ya sukari, ketoni zikionekana na hataki kula ni kliniki siku hiyo hiyo.

Unyevu wetu wa bahari waua stripu, funga kikopo hapo hapo na usizitie friji. Insulini ndo ya friji, digrii 2 mpaka 8, isigande, na stima ikikatika usifungue fungue mlango.

Na sirinji tafadhali ilingane na chupa: insulini ya Caninsulin ni U-40, yaani yuniti 40 kwa mililita, Lantus ya kawaida ni U-100. Ukivuta Lantus kwa sirinji ya U-40 ukafuata mistari, ushampa mara 2.5 ya dozi, na hiyo yaua.

Ukilipa mashine pitia chupa ndogo ya asali uiweke pamoja nayo. Ikisoma chini ya 3.5 mmol/L na paka amelegea, mpake ufizini kwanza, halafu ndo upige simu kwa daktari.