Congress.gov: pa kuhakikia kama Marekani imepitisha sheria kweli

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, kila Bunge la Marekani likiisema nchi fulani kuhusu haki za binadamu, habari hufika ikiwa "wameshapitisha sheria". Mara nyingi ni azimio. Congress.gov, tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inamaliza ubishi huo bure na bila kujisajili. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Angalia kwanza herufi zilizotangulia namba. H.Res. (Baraza la Wawakilishi) au S.Res. (Seneti) ni azimio la baraza moja: linalaani na kuhimiza, halimfungi mtu. H.R. au S. ni muswada, na huo ndio wa kuufuatilia hadi rais asaini, au mabaraza yote mawili yapindue kura yake ya turufu, kama yalivyoipindua ya Rais Reagan mwaka 1986 kwenye vikwazo dhidi ya makaburu.

Jaribu na Zimbabwe. Tafuta S. 494, muswada wa kuibana Zimbabwe kwenye mikopo, kisha chagua Bunge la 107 (la 2001–2002). Usipochagua utaletewa S. 494 nyingine kabisa, kwa sababu namba huanza upya kila miaka 2, na muswada ambao haujapita hadi hapo umekufa. Bonyeza Actions: ulisainiwa 21 Desemba 2001. Fungua Text, kifungu cha 4. Makali yote yako pale: wawakilishi wa Marekani ndani ya IMF na Benki ya Dunia wanaagizwa kupinga mikopo mipya na msamaha wa madeni hadi rais athibitishe kwamba, pamoja na mengine, utawala wa sheria umerejea na jeshi na polisi wako chini ya serikali ya kiraia. Katazo la biashara kwa ujumla halimo, ingawa wengi huapa kwamba limo.

Kasoro kubwa ni kwamba ukurasa huo unabaki na maneno ya 2001. Marekebisho ya 2018 yako kwingine, S. 2779 ya Bunge la 115, na asiyejua atanukuu masharti ya zamani.

Maamuzi ya serikali na taasisi zake nayo usiyatafute humo. MCC, taasisi ya misaada ya maendeleo ya serikali ya Marekani iliyogharamia barabara ya Tanga–Horohoro, ilisitisha Machi 2016 mpango wa pili wa Tanzania, wa dola milioni 472 hivi, kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Uamuzi ule ulitoka kwa bodi yake, hivyo hauna namba ya muswada.

Kiingereza chake ni kizito. Kwa simu, fungua TXT badala ya PDF. Bando litadumu, na kutafuta neno ni rahisi zaidi.