Skyrim: nimeicheza kwa ajili ya tasnifu, banda la gemu Mwanga

Nilipomwambia mwenye banda la gemu hapa Mwanga, Kigoma, kwamba nataka gemu ya Skyrim na siyo ya mpira, alinitazama kama mtu aliyekwenda kwa muuza dagaa kuulizia saruji. CD anayo, ilikuja pamoja na PS3 ya mtumba, haijaguswa. Tukapatana shilingi 1,000 kwa saa. Tasnifu yangu inahusu namna gemu za ulimwengu wazi, zile unazotembea popote utakapo, zinavyosimulia.

Pesa yangu ilirudi siku niliyofika Frostflow, mnara wa kuongozea meli huko kaskazini kwenye theluji. Hakuna aliyenituma, niliuona tu kwa mbali. Ndani nikakuta maiti ya mama, na madaftari ya familia: baba Habd, mama Ramati, watoto Mani na Sudi. Jina la Sudi nililisoma mara mbili. Ujiji ukiita Sudi wanageuka watatu, ila huyu ni binti. Daftari linataja kelele chini ya nyumba. Unashuka huko ukijua kabisa utakachokikuta, na bado unashuka. Mabaki ya baba niliyapandisha nikayatia kwenye moto wa mnara, kama alivyotaka.

"Kaka, unalipia saa nzima usome daftari?" Vijana wa mpira walikuwa wanasubiri zamu.

Henry Jenkins, msomi wa vyombo vya habari, aliliandika hili mwaka 2004: mtunga gemu ni mjenzi wa mahali kuliko msimulizi, hadithi anaitawanya kwenye vyumba na vitu, mchezaji aiokote. Hoja hiyo nilikuwa nimeikariri kwa mtihani. Kuielewa, nimeielewa nikiwa na pedi mkononi.

Hadithi kuu ilinichosha. Joka Alduin amerudi kuimaliza dunia, kila mtu ana haraka, nami nikachuma maua, nikanunua nyumba, nikaoa. Alduin akanisubiri bila hata kukohoa! Clint Hocking, mtunga gemu, aliupa jina mgongano wa kinachosimuliwa na kinachochezwa mwaka 2007, akiichambua gemu ya BioShock. Skyrim, iliyotoka Novemba 2011, ingempa mfano mnene zaidi. Kiswahili hakimo, na maandishi ni mengi, kwa hiyo mwenye Kiingereza cha kuunga ajipange. Kwa mtafiti naipa nyota nne.

Wiki ya pili mtoto mmoja alifuta sevu yangu, yaani hatua zote nilizokuwa nimehifadhi. Nikaanza upya, mikono imefungwa, niko kwenye mkokoteni napelekwa kukatwa kichwa. Safari hii nilipotoka tu nikashika njia ya mnarani. Mwenye banda akavuta kigoda, akakaa.