Quest 3, Quest 3S na LiDAR ya simu katika fukuto la Mombasa: uzoefu wangu

Nitoe hukumu mapema kwa wenye haraka. Ukitaka miwani ya VR (uhalisia pepe) ya kuchezea na kutazama video, Quest 3S ya kampuni ya Meta inatosha. Ukitaka kusoma maandishi, kukagua ramani za nyumba au kuweka vitu vya kidijitali ndani ya chumba chako halisi, ongeza pesa uchukue Quest 3. Na kama kazi yako ni kunasa umbo la mlango, chumba au jengo, anza na simu yenye LiDAR, yaani sensa inayopima umbali kwa mwanga, miwani itakuja baadaye. Nimezitumia zote kisiwani na Nyali, na shida nyingi zimetoka kwenye mwanga, jasho na unene wa kuta, mambo ambayo hayaandikwi kwenye boksi.

Tofauti za karatasini nizipitie upesi. Quest 3 ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499 huko Marekani, 3S ikafuata Oktoba 2024 kwa dola 299. Zote zina chipu moja, Snapdragon XR2 Gen 2, na RAM ya GB 8, kwa hiyo mchezo unaokwenda kwenye moja unakwenda kwenye nyingine. Kilichopunguzwa ni uoni. Quest 3 ina pikseli 2064 kwa 2208 kila jicho na lenzi za pancake, zinazoonyesha safi hadi karibu na ukingo. 3S ina 1832 kwa 1920 na lenzi za Fresnel, zile zenye miduara: katikati pako wazi, pembeni ukungu, na maandishi meupe juu ya giza hutoa miale. Umbali wa mboni kwenye Quest 3 unaurekebisha kwa gurudumu, nayo inafaa macho ya milimita 53 hadi 75. Kwenye 3S kuna vituo vitatu tu: 58, 63 na 68. Pima kabla ya kununua, mtu akushikie rula kipajini asome kutoka mboni moja hadi nyingine. Mwenye 72 asijisumbue na 3S, macho yatamchoka.

Sensa ya kina ndiyo inayonifanya niitetee Quest 3. Iko mbele, inarusha mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, inapima umbali na kujenga umbo la chumba: kuta, kochi, meza. 3S haina sensa hiyo. Yenyewe hukisia umbali kwa kulinganisha picha za kamera zake, na kukisia huko kunataka alama za kushika. Ukuta mtupu wa chokaa nyeupe hauna alama. Basi utaona ukuta wa kidijitali umekaa mbele au nyuma ya ule wa kweli, na mpira unazama ndani yake kabla ya kudunda. Tundika leso mbili zenye maua makubwa ukutani, kisha ukichanganue chumba upya. Hata Quest 3 inafaidika, maana kufuatilia mwendo wa kichwa kunategemea kamera zilezile. Kabati lenye kioo linazidanganya zote mbili: zinaona chumba kingine nyuma yake. Lifunike kwa shuka wakati wa kuchanganua.

Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo kwenye mipangilio ya ufuatiliaji usiiachie miwani ijiamulie, weka 50Hz. Taa za mirija na LED za bei rahisi humetameta, na kamera ikipiga picha kwa mdundo usiolingana nazo, mikono yako inatetemeka hewani kama ya mgonjwa wa homa.

Jambo la pangaboi ni la usalama. Mpaka wa eneo la kuchezea unaouchora sakafuni haujui kilichoko juu ya kichwa chako. Dari likiwa chini, kidhibiti cha mkononi kitakutana na panga. Lizime, utumie feni ya kusimama. Iweke upande mmoja wa chumba, upepo wake utakupoza na pia utakuambia umeelekea wapi bila kuvua miwani.

Kuhusu jasho. Sponji inayokuja na miwani hunywa jasho, na miezi ya kaskazi haipati nafasi ya kukauka. Inanuka, halafu inachubuka. Nunua kifuniko cha silikoni kinachooshwa kwa sabuni. Lakini silikoni hainyonyi kitu, jasho linateremka hadi kwenye lenzi, kwa hiyo vaa utepe wa taulo kipajini. Ukiitoa miwani chumba cha AC ukaingia nayo penye fukuto, lenzi zitapata ukungu papo hapo, kwa kuwa kioo ni baridi kuliko hewa. Iache dakika 10 hadi 15 ipate joto la chumba. Futa kwa kitambaa kikavu cha mikrofaiba peke yake; spiriti hula tabaka la juu la lenzi. Wenye mtandio: shifoni inateleza chini ya mkanda, pamba inashika. Kofia ya viua ivuliwe tu, mkanda wa juu haukai.

Jua ni adui mkubwa zaidi. Lenzi zikielekea jua hukusanya miale na kuiangusha juu ya skrini, na sekunde chache zaweza kuacha doa lisilotoka maisha. Usiiache dirishani, wala kiti cha nyuma cha tuktuk lenzi zikiwa wazi. Kuichezea uani saa sita mchana pia haifai: vidhibiti hutambuliwa kwa taa za infraredi, na jua la utosi linazimeza.

Sasa LiDAR ya simu, iliyopo kwenye iPhone za Pro tangu 12 Pro ya mwaka 2020. Wengi huinunua wakitarajia kunasa milango ya nakshi ya Mji wa Kale, kisha wanalalamika mlango umetoka kama umepakwa udongo. Sababu iko kwenye hesabu. Ramani ya kina ambayo programu hupata ni ya nukta 256 kwa 192. Ukisimama mita mbili kutoka mlangoni, kila nukta inabeba karibu sentimita moja ya mbao. Maua na minyororo iliyochongwa kwa milimita chache itaonekana wapi? LiDAR ni ya vyumba, ngazi na vipimo, ndani ya mita 5. Nakshi inataka mbinu ya picha nyingi, ambazo programu huziunganisha kuwa umbo moja, yaani modeli.

Kwa mlango, nenda kabla ya saa tatu asubuhi au siku ya mawingu, kabla kivuli kikali hakijaukata kati. Funga mwangaza wa kamera usibadilike. Piga picha 80 hadi 120 kwa mistari mitatu, usawa wa goti, kifua na juu ya kichwa, kila picha ikirudia theluthi mbili za iliyotangulia. Sogea kwa hatua. Ukisimama mahali pamoja na kuzungusha simu tu, programu haipati kina chochote. Misumari ya shaba inang'aa na kuacha mashimo kwenye modeli, kwa hiyo ongeza picha za karibu kutoka pembe kadhaa. Weka futi ya kupimia chini ya kizingiti, kwa sababu picha peke yake hazijui ukubwa wa kitu. Na watu wakiwa barazani, salamu na ruhusa kwanza. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa kazi ya biashara ulizia kibali.

Kwa chumba, anzia kona, tembea polepole mita moja hadi tatu kutoka ukutani, umalizie kona ileile. Usirudi kupitia ukuta uliokwisha kuunasa: simu hupotoka kidogo kidogo katika kujua ilipo, na ukirudi inachora ukuta wa pili kando ya wa kwanza. Vichochoro virefu vigawe vipande vya mita kumi hivi, kila kipande kikianza na kitu kilichoonekana mwisho wa kile cha kabla. Maji, vioo na vitambaa vyeusi vitaacha mashimo, zoea. Napendelea programu ya Scaniverse kwa kuwa hutengeneza modeli ndani ya simu yenyewe, bando linabaki.

Video za kina (spatial video) za iPhone 15 Pro, zile za kutazamwa kwa miwani, hutoka 1080p kwa fremu 30, simu ikiwa imelala, na dakika moja hula takriban MB 130. Lenzi mbili zimekaribiana sana kuliko macho ya mtu, kwa hiyo kina huonekana kwa kitu kilicho mita moja hadi mbili na nusu. Jahazi baharini litakuwa bapa kama picha ya kalenda. Harusi ya usiku nayo hutoka na chenga, maana mojawapo ya lenzi hizo ni ile pana zaidi (ultra-wide), dhaifu gizani.

Kamera za kina za kompyuta, kama RealSense D435 iliyoanzia Intel, ni za roboti na vipimo. Hakikisha waya ni wa USB 3, ule wa USB 2 unapunguza picha na kasi. Ukiuziwa Azure Kinect ya mtumba, jua Microsoft iliacha kuitengeneza mwaka 2023.

Ukitaka kurusha michezo ya kompyuta kwenda kwenye miwani, ruta iwe chumba hichohicho, Wi-Fi ya GHz 5, na kompyuta iunganishwe kwa waya. Kuta za matumbawe za nyumba za zamani, nene karibu nusu mita, zinaimaliza GHz 5 kabisa. Betri ya Quest 3 ni ya saa mbili na kidogo. Pawabenki ya mAh 10,000 yenye PD (kuchaji haraka kwa USB-C) ya wati 18 au zaidi hurefusha, ila kuchaji ukicheza huongeza joto, nalo tunalo la kutosha.

Vifaa vingi vinavyouzwa hapa huletwa na wafanyabiashara binafsi, basi uliza dhamana ni ya nani na irudishwe wapi. Kabla ya kulipa iwashe, fungua ukurasa mweupe utafute madoa ya jua na pikseli zilizokufa, kisha ukurasa mweusi utafute pikseli zilizokwama zikiwaka. Zungusha gurudumu la mboni mwisho hadi mwisho. Angalia jina la akaunti: ikiwa bado ya mmiliki wa kwanza, aifute mbele yako. Kisha mulika tochi kwenye tundu la USB-C. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini, chumvi imekwisha kuingia, mrudishie muuzaji.