Nimempeleka mke wangu renji ya kupiga shabaha kwa mara ya kwanza, wakaniuliza anapenda rangi gani

Nyota moja. Na hiyo moja ni kwa vile mfumo unakataa sifuri, nimejaribu. Ila someni mpaka chini maana haya nimeandika kwa siku mbili na hasira inapanda inashuka kama bei ya nyanya.

Mi naishi Houston, na shabaha ndio starehe yangu. Wenzangu wanachoma nyama, mi Jumapili nikitoka kanisani naenda kutoboa makaratasi. Ugonjwa huu niliupata JKT, Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, sisi wa mujibu wa sheria ile ilivyorudishwa 2013, Mafinga kwenye baridi ya kukata masikio, umelala kifudifudi na bunduki ya SMG halafu afande yuko juu ya kichwa chako anauliza kama mama yako anajua unavyopoteza risasi za serikali. Nikafika huku nikakuta unalipia, unapewa kibanda chako, na hakuna anayekufokea. Raha tupu.

Mke wangu alikuwa hataki hata kusikia. Mpaka ikaja Olimpiki ya Paris 2024, si mnamkumbuka yule Mturuki, Yusuf Dikeç, mkono mfukoni, miwani yake ya kawaida, kachukua medali ya fedha kama mtu anayesubiri daladala? Dunia nzima ilikuwa inamcheka na kumpenda kwa wakati mmoja. Mke wangu yeye aliganda kwa yule dada wa Korea Kusini, Kim Ye-ji, naye alibeba fedha, anavyoshusha mkono baada ya kupiga uso umetulia kama maji ya mtungi. Akairudia ile video sijui mara ngapi halafu akasema, baba watoto, na mimi nataka nijaribu. Jamani, miaka tisa ya ndoa nalisubiri hilo neno.

Sasa wale wawili fedha zao walizipata kwa bastola ya upepo, kipunje cha milimita 4.5, teke lake, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma ukifyatua, ni kama halipo. Lishikeni hilo.

Zikapita zamu za usiku, mtoto akaumwa, mambo yakawa mengi, mwisho tukapata siku moja ya joto lile la huku ambalo usukani haushikiki. Tulikuwa watatu, mimi, yeye na shemeji yangu aliyekuja kututembelea. Shemeji hakupiga, na hili wengi wetu hatulijui mpaka tufike mlangoni: mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda kama ya utalii au masomo, sheria ya nchi haimruhusu kushika silaha wala risasi, labda awe ndani ya yale machache yaliyoachwa kama kuwa na leseni ya kuwinda. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hana tatizo. Basi shemeji akabaki nyuma ya kioo na simu yake. Jina la hiyo renji silitaji.

Tukafika kaunta. Kuna kijana pale, ndevu nzuri, bastola kiunoni, anatafuna bigijii. Nikamwambia huyu ni mke wangu, mara yake ya kwanza, hajawahi kushika hata ya maji. Mke wangu kasimama hapo hapo, kiwiko chake kiko juu ya kaunta. Kijana akanigeukia MIMI akauliza, "Anapenda rangi gani?"

Rangi. Nikadhani sijasikia vizuri. Kabla sijajibu kashainama kwenye kabati la kioo kaibuka na karivolva kadogo ka pinki, ile bastola ya tundu za risasi zinazozunguka, ya risasi za .38, mtutu kama kidole gumba. Eti hii ndio ya kina mama, ndogo, nyepesi, inaingia kwenye mkoba. Ningeelewa kama angekuwa anauza vipodozi. Huyu ni mtu analipwa kumkabidhi mgeni silaha ya moto, na swali lake la kwanza ni rangi! Hakumuuliza kama ameshawahi hata kusimama karibu na mlio, hakumuuliza mkono anaotumia (anatumia wa kushoto!), hakumuuliza chochote maana hakumsemesha. Mke wangu anafanya kazi ICU, wodi ya mahututi, anawashika watu wazima wanaopigana na mashine za kupumulia, halafu mtoto wa juzi anamuongelea kama vile hayupo.

Kwa wasiojua, niwaelezeeje hii. Bunduki nzito inameza teke lake yenyewe. Hiyo nyepesi haina pa kulipeleka, lote linakuja kwenye kiganja chako hapa katikati ya gumba na shahada. Halafu rivolva ya namna hiyo triga yake ni ndefu na nzito, unavuta unavuta mpaka mkono wote unatetemeka, na mtutu ukiwa mfupi vile ukitetemeka kidogo tu risasi imekwenda kwa jirani. Cha kulengea chenyewe ni kajino tu pale mbele. Ni silaha ya mtu aliyezoea, na hata waliozoea hawaipendi. Kumpa anayeanza ni sawa na kumfundisha mtoto kuendesha kwa pikipiki ya mashindano kwa sababu eti ni ndogo kuliko gari.

Tukaingia. Na hapa kuna jingine, zile hedifoni za kuziba masikio. Mke wangu kasuka rasta, zimejaa mpaka pembeni, juu yake miwani ya usalama yenye mikono minene, kwa hiyo hedifoni imekalia nywele na plastiki, sikio limebaki na upenyo. Ilitakiwa apewe na vile viziba vya sponji vya kuingiza ndani kwanza. Hakupewa. Kibanda cha jirani kuna jamaa na bunduki ndefu ya AR-15, na ile kitu ndani ya jengo lililofungwa huisikii kwa masikio tu, inakupiga kifuani kama mtu kakurushia mto. Kila jamaa akifyatua mke wangu anaruka.

Akapiga ya kwanza. Sijui ilikwenda wapi, karatasi haikuguswa. Ya pili akafumba macho nikamuona. Ya tatu ikamchubua ngozi ya kiganja, akaiweka rivolva mezani taratibu, akatoka. Hakusema neno. Mliooa mnajua hiyo ya kutosema neno. Nikageuka kwenye kioo, shemeji bado anarekodi, na nyuma yake kijana wa kaunta anacheka. ANACHEKA. Hapo ndipo nilipoandika ile nyota moja, nimesimama koridoni, mkono unatetemeka kuliko wa mke wangu.

Sasa hapa mambo yanageuka na mi mwenyewe sijui nifanyeje na hizi nyota.

Kuna mzee pale ndani, msimamizi wa usalama, kofia imechakaa, anatembea kama goti linamsumbua. Alikuwa ameona yote. Akamfuata mke wangu, akamwita mama kwa heshima ya watu wa huku kusini, akamuuliza YEYE kama atampa dakika kumi. Kwanza akampa sponji za masikio, akamuonesha kuzisokota nyembamba, unavuta sikio juu, unaingiza, unasubiri itanuke. Halafu akachukua karivolva kale kale. Tundu ziko tano, akaweka risasi nzima mbili na maganda matupu matatu, akazungusha, akampa bila kumwambia ipi iko wapi.

Mke wangu akavuta. Tik. Haikulia, na mtutu ulichota chini kama jogoo anadonoa punje. Akajiona mwenyewe! Ilibidi acheke. Yaani tatizo halikuwa macho wala mkono, mwili ulikuwa unajihami na kishindo kabla hakijaja. Mzee akamwambia hiyo sio woga, hiyo ni akili, mtu yeyote aliyechomwa mara moja anautoa mkono.

Kisha akaleta bastola ya Ruger ya .22, risasi zake ndogo kuliko za .38, yenyewe ndefu, nyeusi, nzito, haina uzuri wowote. Akaivuta karatasi mpaka yadi tano, akaigeuza upande mweupe usio na mviringo wala alama. Akasema piga tu popote pa kwanza, halafu jaribu kuirudia hapo hapo. Akaweka risasi moja. Moja tu. Akipiga, anatulia, wanaongea kidogo, anaweka nyingine. Mlio wake ukilinganisha na ule wa jirani ni kama mtu kapiga kofi mbu. Baada ya kama kumi hivi, matundu yalikuwa yamekusanyika sehemu ambayo ungeifunika kwa kifuniko cha thermos ya chai.

Halafu likatokea la kutokea. Ile .22 inarusha ganda pembeni, na mke wangu kavaa blauzi ya kitenge shingo wazi. Ganda likatua humo ndani, la moto. Nikafumba macho, maana nimeshaona wanaume na midevu yao wanageuka na bastola mkononi kwa jambo hilo hilo, kidole kiko kwenye triga. Yeye akatoa kidole, akalaza bastola mezani mtutu ukitazama mbele, akaiachia, NDIO akaanza kuruka na kukung'uta blauzi huku anamwita Mungu kwa Kihehe. Mzee akapiga makofi. Shemeji kule nyuma ya kioo akapoteza hiyo video, eti simu ilijaa.

Kwa hiyo nikapandisha nyota nne. Nikasema mahali penye mzee kama yule haiwezi kuwa moja.

Tukarudi kaunta kulipa. Kijana katuchaji kukodi rivolva, na boksi zima la risasi za .38 ambazo zimetumika chache mno na renji haitaki urudi nazo, na .22, na "mafunzo". Mafunzo gani? Mzee kasema dakika zake ni za bure, mashine inasema sio za bure. Na wakati ananipa risiti kamwambia mke wangu, kwa mara ya kwanza anamuongelesha, "Umeona? Haikuwa mbaya hivyo." Nikashusha mbili pale pale.

Nilikuwa nimeshaandika aya nzima ya matusi hapa. Usiku nikamsomea mke wangu ninavyomchana yule kijana, nikitegemea ataniunga mkono. Akawa anapaka mafuta kiganja chake, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe si ulikuwepo pale kaunta?"

Nilikuwepo. Najua rivolva ile inavyopiga, nimeshaipiga, naichukia. Nimempeleka dada wa watu na blauzi ya shingo wazi mi ambaye ganda limeshanichoma sijui mara ngapi. Nikasimama pale nikasema asante, nikaibeba ile pinki mwenyewe mpaka ndani, kwa sababu sikutaka kijana mwenye ndevu anione mgeni. Ile aya nimeifuta.

Ila kijana bado ni mpuuzi, hilo silifuti.

Mke wangu mwenyewe kaja kasoma juu ya bega langu, kasema weka tatu, mzee ana haki yake. Haya, tatu. Karatasi jeupe lenye matundu liko kwenye friji, limefunika ratiba ya shule ya watoto. Jumamosi anarudi tena na wenzake wawili wa kazini, wameshauliza kama mzee yupo zamu. Mi nimeambiwa nibaki na watoto.