Maji ya kuchanganyia sindano: niliyonunua Nairobi na niliyoyarudisha

Wanaotumia dawa ya sindano inayokuja ikiwa unga wanaijua shughuli ya maji. Mimi natumia homoni ya ukuaji, niliyoandikiwa na daktari wa homoni baada ya upasuaji wa tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo. Ni peptidi ndefu, yaani mnyororo wa asidi amino kama wa protini, dhaifu kuliko unavyodhani, na haiingii mwilini mpaka iyeyushwe. Zamani kila kichupa kilikuja na maji yake. Kisha duka ninalochukulia dawa likaanza kuniletea vichupa vya unga peke yake, na nikiuliza naambiwa, "Maji utapata popote, mama."

Popote kweli yapo. Nimezunguka Ngara, nikapita katikati ya mji, nikafika Hurlingham, na kila duka lilikuwa na kitu cha kunipa. Tatizo ni kwamba si kitu kile kile.

Mfamasia wa Hurlingham ndiye pekee aliyeniomba karatasi ya maelezo ya dawa kabla hajagusa rafu, na kwa hilo tu alishanipata. Akanieleza kuwa maji ya sindano yako ya aina mbili. Kuna yaliyotakaswa matupu, yaani hayana vijidudu wala kitu kingine ndani, na ukishafungua ampuli, kile kichupa kilichozibwa, unatumia mara moja, yanayobaki unamwaga. Na kuna yenye kihifadhi, yaani alkoholi ya benzili asilimia 0.9, ambayo huzuia bakteria kuzaana kila unapochoma kifuniko cha mpira. Hayo huja kwenye chupa ya mililita 30, na kwa kawaida hutupwa siku 28 baada ya kuchomwa mara ya kwanza, hata kama tarehe ya kuisha iliyo kwenye lebo iko mbali.

Kwa hiyo karatasi ya dawa ndiyo inayoamua. Kichupa changu kidogo ni cha dozi moja, basi maji matupu yanatosha. Kile kikubwa cha dozi kadhaa kinataka yenye kihifadhi, na hata hivyo kikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ukikichanganya kwa maji matupu kisha ukakirudia siku baada ya siku, unafuga bakteria. Kihifadhi nacho si cha kila mtu: mwaka 1982 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kisitumike kwa watoto wachanga, baada ya vifo kutokea. Mwenye mtoto mchanga anayechomwa sindano amuulize daktari wake, asinisikilize mimi.

Sasa niliyoyarudisha. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza pia zile peptidi za vijana wa jimu, zilizoandikwa "kwa utafiti tu" na kila mtu anajua zinakwenda kwenye tumbo la nani. Alikuwa na chupa ya mililita 30, imepigwa picha vizuri, bei yake mara kadhaa ya ile ya ampuli ya dukani. Ilipofika kwa boda niliigeuza pale pale mlangoni. Hakuna namba ya toleo. Hakuna jina la kiwanda, bendera ya nchi tu. Kifuniko cha plastiki juu ya mpira kinazunguka chenyewe. Nilimrudishia kijana wa boda, nikamlipa nauli ya kwenda na kurudi, na pesa yangu ya maji hadi leo naidai. Nyota moja, na hiyo ni ya boda.

Nilizobaki nazo ni ampuli za plastiki za mililita 10, zile za kuzungusha kichwa zinafunguka. Ninazipendea mambo mawili. Hazina vipande vya kioo vinavyoweza kudondokea ndani kama zile za kuvunja shingo. Pia ukiibinya kabla ya kuifungua unajua mara moja kama inavuja. Lebo yake inasema wazi kuwa ni ya sindano. Hilo lisomwe kwa makini, kwa sababu duka moja la mjini lilitaka kunipa ya kuoshea vidonda, na muuzaji akaapa ni kitu kimoja. Nilimwambia asante nikatoka.

Kuhusu maji ya betri na maji ya kuchemsha nyumbani: hapana. Ya betri ni yaliyokenekwa tu, na yaliyokenekwa si lazima yawe hayana vijidudu, na kuchemsha kunaua bakteria lakini sumu inayobaki kwenye mabaki yao, endotoksini, haiondoki kwa moto wa jiko. Hiyo ndiyo inayokupandishia homa na kukutetemesha usiku.

Duka lenyewe nalo ukague. Yaliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu hubandika namba ya usalama mahali pa kuonekana, unaituma kwa ujumbe mfupi unajibiwa kama duka ni halali. Nilifanya hivyo nikiwa bado kwenye foleni, na aliyekuwa nyuma yangu akaniomba nimwonyeshe.

Malalamiko yangu ni ukubwa. Natumia mililita moja, tisa naumwagia mmea wa dirishani, na moyo unaniuma kila mara. Mwanzoni nilitamani kuiziba kwa plasta niitumie kesho yake. Mfamasia alinitazama tu, sikuuliza tena. Yenye kihifadhi nayo si rahisi kupata. Huwa naagiza mapema kwenye famasia ya hospitali Upper Hill na kusubiri simu yao, nao hupiga wanapojisikia.

Ampuli za plastiki nazipa nyota nne kwa tano. Ya tano wataipata wakianza kuleta za mililita 2.